Mazoezi ya Warsha Yanayompa Kila Mtu Nafasi ya Kusema

Katika semina nyingi za hapa Kigoma, zoezi hutolewa pale tu washiriki wanapoanza kusinzia baada ya chakula cha mchana: watu husimama, huimba, hupiga makofi ya kilo, kisha hurudi vitini kumsikiliza msemaji yuleyule. Sina ugomvi na makofi ya kilo, kwa kuwa mwili uliokaa tangu asubuhi huhitaji kunyooshwa. Ninalolitetea ni kwamba zoezi liwe ndiyo kazi yenyewe ya kikao, lifanye watu wafikiri na wasikilizane.

Kikwazo kikubwa ni mpangilio wa kusema. Mwenyekiti akishatoa maoni yake, wengi huona ni utovu wa adabu kumpinga hadharani, nao wadogo hunyamaza kabisa. Kwa hiyo napenda utaratibu ulioenezwa na Henri Lipmanowicz na Keith McCandless, waasisi wa mbinu za kuendesha vikao ziitwazo Liberating Structures: kila mtu hutafakari swali peke yake kwa dakika 1, huzungumza na jirani yake kwa dakika 2, wawili hao huungana na wengine wawili kwa dakika 4, ndipo kikao kizima husikiliza kwa dakika 5. Anayewasilisha husema kwa niaba ya wanne, hivyo habebi peke yake lawama ya kutofautiana na mkubwa.

Kwa kina mama wanaoanika dagaa katika mwalo wa Kibirizi, kalenda ya msimu hufaa kuliko bango kitita, yaani karatasi kubwa za kuandikia mbele ya kikao, hasa kwa asiyejua kusoma. Ni mojawapo ya mbinu shirikishi ambazo Robert Chambers, mtafiti wa maendeleo ya vijijini, alizitangaza sana. Tunachora miraba 12 sakafuni kwa chaki, kila mmoja ukiwa mwezi, kisha washiriki huweka punje za maharage kulingana na ukubwa wa hasara ya dagaa wanaoharibika mwezi huo. Safari moja mama ambaye hakuwa ametamka neno tangu asubuhi aliinama, akazoa punje zilizorundikwa Julai na kuzihamishia Machi, akieleza kwamba dagaa wa kiangazi hukauka upesi, ilhali wa masika huharibika wakiwa juu ya kichanja. Wenzake walibishana naye, wakaongeza punje nyingine Aprili, na mimi nikakaa pembeni kuandika. Mwezeshaji anayejibu swali lake mwenyewe wakati kama huo huua mjadala.

Siku ya kikao nayo ichaguliwe kwa busara. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo wavuvi na waanikaji hupatikana kwa utulivu zaidi wakati wa mbalamwezi.

Tukishajadili, kila mshiriki hupewa kokoto 3 azigawe kwenye hoja anazoziona nzito. Hoja iliyopata kokoto nyingi hujadiliwa kwanza, na hatufungi kikao kabla haijaandikwa nani ataishughulikia na lini ataleta taarifa.