Siku moja maishani mwangu: mlinda nyumba na mbega wa Diani

Saa 11:30 alfajiri. Adhana ikimalizika tu, mbega nao wananguruma juu ya mwembe. Mimi ndiye mtunza nyumba hii ya kupangisha wageni hapa Diani, pwani ya Kenya, kwa hiyo kukinguruma naamka.

Saa 12:30. Pipa la taka. Kifuniko nakikaza kwa mpira wa tairi, mafundo mawili, maana fundo moja tumbili keshalisomea.

Saa 2:00. Nakuta mtoto wa wageni amenyoosha ndizi juu. "Anko, huyu nyani ana njaa."

"Si nyani, mwanangu, ni mbega. Chakula chake majani."

Namwonyesha mkono wa mbega: vidole vinne, gumba hakuna, kinundu kidogo tu. Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe; ndizi mbivu ikiingia humo huchacha, gesi ikajaa, mnyama akafa. Mama yake mtoto anauliza, basi nani aliyebeba mkate jana? Kima. Mbega hana haja na mkate wa mtu, ila ndiye anayeonekana, mweusi mwenye mabega meupe, basi lawama zote zake.

Saa 4:00. Fundi wa miti amefika. Tunapunguza matawi ya mkungu yanayoelekea nyaya za umeme. Hii ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko zote. Mbega hapendi kushuka chini, hupita juu kwa juu, na waya uchi kwake ni tawi kama matawi mengine. Tawi likikatwa vizuri, haufikii. Lakini tukikata ovyo tunamkatia njia, atashuka barabarani kwenye magari. Ndiyo maana barabara ya Diani ina zile ngazi zilizoning'inizwa juu, mbega wavukie humo. Nilishawahi kuokota mmoja chini ya nguzo. Sitaki tena.

Saa 7:15 mchana. Mama mwenye nyumba anapiga kutoka Nairobi. Wageni wamelalamika, nitafute mtu wa manati, au sumu.

"Mama, shikamoo. Sumu hapana. Sheria ya wanyamapori, namba 47 ya mwaka 2013, itatushika sote wawili, na mimi ndiye niliye karibu."

Akanyamaza. Nikamwomba pesa za wavu wa madirisha. Akasema ataangalia.

Saa 10:00. Mbega wamerudi kwenye mwembe, na jike moja limebeba kichanga cheupe pepepe. Huzaliwa hivyo, weusi huja baada ya miezi michache. Nimeacha ufagio nikakaa. Namba ya watu wa Colobus Conservation, shirika la kulinda mbega lililo hapa Diani tangu 1997, iko kwenye mlango wa friji kwa siku ya ajali. Leo haikuhitajika.

Saa 12:00 jioni. Nimefika chumbani kwangu. Dirisha nililiacha wazi asubuhi. Mahamri sita yameondoka, bakuli la mbaazi limepinduliwa kitandani, na kima amekaa juu ya paa anapangusa mdomo.

Mama mwenye nyumba sijamwambia.