Nilivyopata suti iliyonikaa, nikiwa Kisumu

Kamati ya harusi haikuniuliza kama nina uwezo. Ilinitumia picha moja kwenye simu, kipande cha kitambaa cha buluu iliyokolea, na maneno machache: "Mpambe, rangi ndiyo hii. Suti kamili. Tai tutatoa sisi." Bwana harusi tumekua pamoja Tanga, tumechapwa pamoja madrasa, kwa hiyo kukataa hakukuwepo. Mimi wakati huo nilikuwa na mwaka wa pili Kisumu, kazi yangu kutengeneza majokofu ya kuhifadhia samaki. Zilibaki wiki tano, na kabati langu lilikuwa na ovaroli tatu na kanzu mbili.

Nyumbani sikuwahi kununua nguo ya maana peke yangu. Palikuwa na fundi wa Ngamiani aliyenipima tangu sijabalehe, na palikuwa na dada yangu, ambaye husimama nyuma yangu, ananyamaza kidogo, kisha anasema jambo ambalo hutaki kulisikia. Ugenini nilikuwa na kioo tu, na kioo kinakuonyesha mbele. Hilo sikulifikiria hata kidogo nilipoingia dukani.

Lilikuwa duka la nguo mpya, mjini kati, lenye sanamu zilizovaa vizuri kuliko wateja. Kijana wa duka akanivika koti, akalivuta kwa nyuma nisione, akanigeuza kwenye kioo. "Boss, imekushika poa." Nikamwuliza mbona bega linaning'inia. Akasema suti nzuri lazima ipumue. Nikalipa shilingi 9,500 za Kenya. Jumatatu iliyofuata tulikuwa na wageni kazini nikaivaa. Mama wa hesabu akaniangalia kutoka juu hadi chini, akauliza kwa upole: "Mbongo, umeazima kwa nani?" Halafu akanishika mkono na kunionyesha kitambulisho cha kampuni kilichoshonwa mwishoni mwa mkono wa koti, pale karibu na vifungo. Kumbe kile hutolewa. Na nyuma, kwenye mpasuo, uzi mweupe uliofungwa kama herufi X nao hutolewa. Nilikuwa nimezunguka nao kutwa nzima mbele ya wageni.

Dukani nilikorudi nilionyeshwa ubao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Sawa.

Yule mama ndiye aliyenielekeza kwa fundi wake, mzee mmoja mwenye cherehani kibarazani upande wa Kondele. Nikamwamkia "Shikamoo, mzee," akacheka hadi miwani ikashuka, akajibu "Marahaba" kwa sauti ya mtu aliyeitoa akiba ya shule ya msingi. Akanivika lile koti, akazunguka mara moja, akalivua.

"Hii bega, hapana," akasema. "Mkono nakata. Tumbo napunguza. Longi nafanya vile unataka. Lakini bega ni paa, omera. Siwezi kutoa paa na nyumba ibaki."

Longi, niligundua baadaye, ni suruali, na omera ni ndugu kwa Kijaluo.

Nikamwomba basi anishonee mpya kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini, kwa sababu alikataa pesa. Alisema suruali anashona hata usiku, lakini koti la suti lina tumbo la ndani, kitambaa kigumu kati ya kitambaa cha nje na bitana, na usipolijenga vizuri kifua kinalala kama kitambaa cha meza. Yeye hurekebisha makoti, hayajengi. Mfanyakazi mwenzangu alishauri nishone suti ya Kaunda, maana rais wao Ruto huivaa sana na kila fundi sasa anaijua, ingawa Spika wa Bunge aliipiga marufuku bungeni mwaka 2023. Marehemu baba alikuwa nayo moja, ya rangi ya maziwa ya chai, na ningeivaa kwa furaha. Lakini kamati imesema tai, na tai utaifunga wapi kwenye Kaunda?

"Enda Kibuye Jumapili asubuhi," fundi akasema. "Tafuta bega tu. Ukipata bega, mengine uniletee mimi."

Kabla sijaondoka akanipima na kunifundisha kusoma namba, jambo ambalo kijana wa duka ama hakulijua ama alilijua sana. Kifua changu ni sentimita 97. Koti la Uingereza huandikwa kwa inchi za kifua, kwa hiyo mimi ni 38. La Ulaya bara huandikwa nusu ya kifua kwa sentimita, kwa hiyo mimi ni 48. Ukiwa na namba ya Kiingereza ongeza kumi, utaipata ya Kiulaya. Lile la dukani lilikuwa limeandikwa 54! Herufi inayofuata namba ni ya kimo: S kwa mfupi, R kwa wa kawaida, L kwa mrefu. Mimi ni mfupi na nilikuwa siku zote naiona hiyo S kama matusi, nikidhani ni nguo ya mtu mdogo. Na suruali ya seti, mara nyingi, hukatwa kiuno kikiwa inchi sita pungufu ya kifua. Ya 38 itakuja na kiuno cha 32, na mimi kwa samaki wa Kisumu nimefika 33.

Jumapili Kibuye si soko, ni mji mwingine. Nilifika saa moja asubuhi nikiwa nimevaa shati la mikono mirefu na viatu vya ngozi, kama fundi alivyoagiza, kwa sababu koti ukilijaribu juu ya fulana utadanganyika kola, na suruali ukiijaribu na ndala utadanganyika urefu. Makoti ya mitumba yananing'inia kwa mamia kwenye miti, na wauzaji wanayaita kwa daraja zake. Yale safi ya kwanza kutoka kwenye belo huitwa kamera, na bei yake ni ya kamera. Nikajaribu tisa. Mengi yalikuwa mazuri kuliko lile la dukani, na yote yalikuwa ya watu wenye miili mingine. Nikarudi nyumbani na mahindi ya kuchoma.

Jumapili ya pili nikaanzia kwa mama mmoja aliyekuwa na suti nzima nzima, si koti huku na suruali kule. Hili ni muhimu kuliko linavyosikika. Koti na suruali zikishatenganishwa, buluu mbili zinazofanana chini ya turubai zinagombana ukizitoa juani, kwa sababu suruali hufuliwa zaidi. Yeye alizifunga pamoja, na lebo ya ndani ya koti na ya kiunoni zilikuwa na namba moja: 38S.

Nikalivaa. Nikafanya kama nilivyofundishwa, nikasimama ubavu kwenye nguzo ya kibanda, mkono umelegea, nikasogea polepole. Koti likitangulia kugusa nguzo, limekuzidi. Mkono wangu na koti vilifika pamoja. Mama akaniuliza kama naumwa.

Nikaligeuza. Nikalishika juu kuelekea jua kutafuta matundu ya nondo, hakuna. Makwapa safi. Kifuani nikabana kitambaa cha nje kwa vidole viwili na cha ndani kwa vingine viwili, nikavitenganisha, na katikati nikasikia kitu cha tatu kinateleza chenyewe. Hilo ndilo tumbo lililoshonwa. Kwenye makoti yaliyogandishwa kwa gundi husikii kitu, na gundi ikichoka kwa kufuliwa kifua kinatoka malengelenge. Mfuko wa kifuani ulikuwa bado umeshonwa haujafunguliwa, nadhani mwenyewe hakulivaa mara tatu.

"Ngape?"

"Hiyo ni ngiri tatu na nusu."

Kwetu ngiri ni mnyama wa porini, au ule ugonjwa unaowapeleka wanaume kupasuliwa. Huku ni elfu. Nilijua, lakini kila mara nikisikia natabasamu, na muuzaji akiona unatabasamu bei haishuki. Tulivutana. Akaniambia Kiswahili changu ni cha redio, nikamwambia basi nipunguzie ya redio. Tukaishia 2,600, nikalipa kwa M-Pesa.

Jioni nikasimamisha simu juu ya jokofu, nikajipiga picha mgongo, nikamtumia dada. Kimya. Halafu sauti: "Kaka, mbele mashaallah. Lakini mgongoni mbona pana mto Pangani?"

Nikapanua picha. Kweli, kulikuwa na mkunjo mrefu unaotoka shingoni, unashuka kimshazari kwenda kwapa la kulia. Nikamwonyesha fundi, naye hakutazama picha, alinitazama mimi. Akaniambia nivue shati. Akaweka rula mabegani. Bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto, kidogo tu, upana wa kidole. Miaka kumi ya kubeba mitungi ya gesi bega hilohilo, na sikuwahi kuambiwa. Koti lilikuwa sawa, aliyepinda ni mimi.

Nilichokiona baada ya hapo ndicho ninachokikumbuka zaidi. Akaketi na koti mapajani, akafumua bitana kwa wembe pale juu ya mkono, mshono mmoja mmoja, akaingiza vidole na kutoa mto mdogo wa bega, mwembamba kama andazi lililokandamizwa. Akakata kipande kingine cha pamba, akakipunguza kingo kwa kukichana kwa kucha ili kisifanye ngazi, akakishona chini ya ule wa kwanza, bega la kulia tu. Akanivika bila kufunga bitana. Mto Pangani ukawa kijito. Akaongeza utando mwingine, mwembamba zaidi. Akaniambia nisalimiane naye, nifunge kamba za viatu, ninyooshe mkono kama nachukua chakula. Kola ya koti ilibaki imelala juu ya kola ya shati muda wote, haikuachana nayo. Ndipo akafunga bitana.

Kabla hajagusa suruali akachomoa uzi mmoja kutoka mshono wa ndani, akawasha kiberiti. Uzi ukaungua ukizimika wenyewe, ukanuka nywele zilizoungua, na majivu yakasagika kwa vidole. "Sufu," akasema. Akachomoa mwingine kutoka lile koti la dukani, ambalo nilikuwa nimelileta kwa aibu yangu. Ule ukayeyuka, ukajikunja kuwa shanga nyeusi ngumu. Plastiki. Nikafikiria ukumbi wa harusi Tanga mwezi wa kumi na mbili, feni mbili na watu mia tatu, nikashukuru kwa lile bega baya lililonifukuza.

Mengine yalikwenda haraka. Mikono ya koti akapunguza sentimita mbili, shati lichungulie kidogo. Iliwezekana kwa sababu vitundu vya vifungo mkononi vilikuwa vya urembo, havijatobolewa, vingekuwa vya kweli asingekata kutoka chini. Kiuno cha suruali akakiongeza inchi moja, kitambaa cha akiba kilikuwepo kwenye mshono wa nyuma. Ubavuni mwa koti nilitaka abane zaidi, akakataa. Nikasisitiza. Akabana kwa pini, akafunga kifungo, akanionyesha mikunjo minne inayokimbilia kifungo. "Unataka kula kwa harusi, ama hutaki?" Akatoa pini.

Alichukua 1,800. Lile la dukani nikamuuzia msimamizi wetu, ambaye ni 54 halali, kwa 5,000. Nikijumlisha hasara hiyo na yote niliyolipa baadaye, sijafika bei ya dukani.

Nilisafiri nayo kwa basi hadi Mombasa, kisha Lungalunga na Horohoro, koti nimelipindua bega moja ndani ya bega jingine, bitana nje, kama fundi alivyonionyesha. Forodha walilipapasa wakaliacha. Nyumbani nikaivaa kabla hata ya kuoga, nikasimama sebuleni, nikageuka.

Dada akanyamaza kidogo. Akanipitisha kiganja begani, la kulia, kisha la kushoto.

"Pangani imekauka," akasema. Akainama kuangalia chini. "Sasa hivyo viatu, kaka, ndivyo vya kutengenezea majokofu?"