Jicho Lililoshuka Pamoja na Uvimbe

Aliyegundua kwanza alikuwa mpiga picha wa Kirumba, wala si daktari. Nilikwenda kwake kupiga picha ya pasipoti, naye akaniomba mara tatu niinue kidevu, kisha akaishusha kamera na kuniuliza taratibu, "Kaka, hilo jicho la kushoto mbona limeingia ndani?"

Wiki 5 kabla ya hapo, tukivua dagaa usiku, wimbi liliyumbisha mtumbwi na mpini wa kasia ukanipiga chini ya jicho. Katika zahanati niliyopelekwa alfajiri walisafisha jeraha, wakanipa dawa za maumivu na kunihakikishia kwamba uvimbe ukishuka nitakuwa nimepona; nami niliamini, kwa kuwa uvimbe ulishuka kweli. Mengine niliyapuuza: nikitazama juu, kila karabai ilikuwa mbili, na shavu pamoja na mdomo wa juu vilikuwa na ganzi, hata chembe ya ugali ikibaki pale sikujua mpaka mke wangu aniambie.

Huko hospitali ya Bugando, Mwanza, baada ya kipimo cha CT (picha za eksirei zinazoonyesha mifupa kwa vipande), daktari bingwa wa upasuaji wa taya na uso alinieleza kwamba sakafu ya tundu la jicho ni mfupa mwembamba sana, ambao mahali pengine haufikii hata milimita 0.5, na chini yake kuna uwazi wenye hewa ndani ya shavu. Pigo lilikuwa limeuvunja mfupa huo, mafuta yanayolizunguka jicho yakateremkia humo, na jicho likakosa pa kuegemea; uvimbe wa siku za mwanzo ndio uliolisukuma mbele na kuificha kasoro. "Mdogo wangu, jicho lenyewe ni zima," alisema, "nyumba yake ndiyo iliyobomoka sakafu." Sikujua nicheke au nilie.

Alipasua kwa ndani ya kope la chini, akayarudisha mafuta pamoja na msuli ulionaswa, kisha akatandika wavu mwembamba wa chuma cha titani juu ya ufa. (Mvuvi kuwekewa wavu usoni: wenzangu wa soko la samaki la Mwaloni hawajaacha kunitania.) Kwa wiki kadhaa nilikatazwa kupenga kamasi, kwa sababu hewa ingeweza kupanda kutoka kwenye ule uwazi hadi jichoni, na kwa mtu aliyezoea mafua ya upepo wa ziwa, katazo hilo lilikuwa gumu kuliko kisu.

Macho sasa yamekaribia kulingana, na karabai ni moja. Ganzi haijaisha yote. Bado najifuta mdomo wa juu baada ya kila tonge, hata pasipo na kitu.