Ndugu Yetu wa Bondeni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuna jambo limenikalia moyoni. Hata nikipiga magoti linanitangulia. Jumatano tulikuwa na maombi ya kuombea mvua. Tuliomba kwa machozi, na Mungu wetu anasikia, hilo sina shaka nalo. Tulipotoka nje, kilima cha ng'ambo kilikuwa kinawaka. Mtu alikuwa anasafisha shamba, moto ukamshinda, ukapanda msituni. Wapendwa wakautazama kidogo, mmoja akasema "ndio msimu wake," kila mtu akashika njia ya kwake.

Kesho yake nikapita chemchemini. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa amechuchumaa anachota kwa kikombe. Anachota, anasubiri maji yajikusanye, tope litulie, anachota tena. Hatua chache juu yake matuta ya kinyungu, bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi, yamefika hadi jichoni pa chemchemi, mahindi yamestawi kijani kibichi katikati ya kiangazi. Juu ya kinyungu, milingoti, ile mikaratusi inayofyonza maji.

Mwanzo 2:15 tunaijua, kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Zaburi 24 tunaiimba. Sitayarudia hayo. Neno ninaloomba tukae nalo ni Mathayo 5:23-24: ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende ukapatane naye kwanza.

Tumezoea kulisoma tukimfikiria yule tuliyenuniana naye kwaya au tuliyegombania naye mpaka. Lakini yupo ndugu mwingine ambaye hatujawahi hata kumwona, naye ana neno juu yetu. Maji ya milima hii hayaishii kwetu. Vijito vya Uporoto na Kipengere vinashuka bonde la Usangu, vinapita kinamasi cha Ihefu, vinakuwa mto Ruaha Mkuu. Mto unakatiza Hifadhi ya Ruaha, unajaza bwawa la Mtera, unaendelea bwawa la Kidatu hadi mto Rufiji. Huo haukuwa mto wa kukauka. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Na tusimsingizie Mungu kwamba ni mvua tu. Maji yamechepushwa kwenda mashambani hata miezi ya kiangazi, ng'ombe wakajazwa Ihefu, na huku juu tunakovitunza vyanzo, au tuseme tulikopaswa kuvitunza, tumelima mpaka kwenye kingo. Ezekieli 34 inawakemea kondoo wanaokunywa maji safi kisha wanayavuruga kwa miguu, wenzao wanywe tope. Kondoo hao wa zizini, si mbwa mwitu.

Nisemeje sasa? Siku ya mavuno gunia la viazi likipandishwa madhabahuni tunapiga vigelegele. Nani kati yetu amewahi kuuliza limelimwa wapi? Mpendwa akiuza nguzo za milingoti aliyoipanda mtoni, akatoa fungu la kumi, tunamwombea Baraka zaidi. Binti akipata mimba tunamtenga na meza ya Bwana. Aliyekausha maji ya kitongoji kizima tunampa kiti cha mbele! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sisi tulioitwa chumvi ya dunia tunangoja mpaka mtendaji aje na mgambo?

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito: kinyungu ndicho kinachosomesha watoto. Ni kweli. Yupo mjane ambaye hana kipande kingine cha ardhi duniani zaidi ya hicho cha bondeni. Huyo siwezi kumwambia "toka mtoni" halafu nikaenda kulala. Yakobo ameshatuonya juu ya kumwambia mwenye njaa aende akashibe na mikononi hatujampa kitu. Kama tunamwondoa chemchemini, kanisa limtafutie pa kulima. Mwenye ekari nyingi mlimani amkatie kipande. Hayo nayo ni sadaka.

Lakini mwenye uwezo asijifiche nyuma ya mjane. Wewe mwenye mashamba matatu na gari la kubebea mbao, ng'oa milingoti yako mtoni, panda mivengi na mikuyu, miti ambayo wazee wetu waliiacha penye maji kwa makusudi.

Na wazee wa kanisa, naomba jambo moja kabla ya Jumapili. Petro anasema hukumu inaanzia nyumba ya Mungu. Twendeni Jumamosi tukalipime shamba la kanisa kule bondeni, tukaone milingoti yetu wenyewe iko mita ngapi kutoka kwenye maji. Mwenye kamba ndefu aje nayo.