Sedani yangu ya 2018 mbele ya magari mapya ya umeme

Septemba mwaka jana odometa ya gari langu ilifika maili 114,000, nikaanza kukosa usingizi. Ninaendesha Tesla Model 3 ya masafa marefu, ya 2018, yenye mota moja ya nyuma. Dhamana ya betri yake ni miaka 8 au maili 120,000, kitakachotangulia. Nililinunua mtumba mwaka 2021. Mimi ni muuguzi, naishi Brooklyn Park, Minnesota, na mara mbili kwa wiki naenda zamu ya usiku Rochester, maili 95 kwenda na 95 kurudi. Kwa hesabu hiyo, maili elfu sita zilizobaki zingeisha Januari, katikati ya baridi kali.

Na kulikuwa na haraka nyingine. Nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 ambayo serikali ya Marekani ilikuwa ikiwapa wanunuzi wa magari mapya ya umeme ilikuwa inafungwa tarehe 30 Septemba 2025. Wauzaji walikuwa wanapiga simu hadi usiku. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba gari langu ni la kizamani na kila wiki ninayochelewa linashuka bei.

Neno hilo "la kizamani" lilinikaa kichwani. Ni kweli kwamba umbo la Model 3 lilioneshwa hadharani Machi 2016, na wateja wa kwanza wakakabidhiwa magari Julai 2017. Kwa vitu vya umeme hiyo ni miaka mingi. Lakini mimi nimekulia Mombasa, ambako gari la 2018 bado watu wanaliita jipya, na ndugu yangu aliposikia nataka kuliuza alinipigia saa hiyohiyo: "Kaka, lipakie melini unitumie mimi." Ikabidi nimkumbushe kwamba usukani wake uko kushoto, na Kenya haitalisajili. Mke wangu yeye aliuliza swali moja tu: "Baba Salma, hilo gari limekukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Ndipo nilipoamua kupima kabla ya kununua chochote.

Nilianza na betri, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inanitia hofu. Usiku mmoja nililiacha likajaa hadi asilimia 100, kitu ambacho kwa kawaida sifanyi. Siku zote naishia 80, na 90 siku ya zamu. Aina hii ilipotoka ilipewa maili 310 kwa chaji moja, na mapema 2019 kampuni ikapandisha hadi 325 kwa kubadilisha programu tu. Asubuhi skrini ilionesha 283. Maana yake, katika miaka saba limepoteza kama asilimia 13. Dhamana yenyewe inahesabu betri imechoka ikishuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake. Nilikuwa nimejitayarisha kuona namba mbaya zaidi. Nilitembea kuzunguka gari gerejini nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na nakiri nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa majibu mazuri ya maabara.

Kisha nikakodi wapinzani wake, mmoja wikendi hii, mwingine wikendi iliyofuata: Hyundai Ioniq 6 na BMW i4. Sikutaka kuzunguka mtaa na muuzaji pembeni kwa dakika kumi na tano. Nilitaka kuyapeleka kwenye barabara yangu mwenyewe, Highway 52, nipite Cannon Falls na Zumbrota kwa mwendo wangu wa maili 70 kwa saa, nione yanakula umeme kiasi gani.

Hapo ndipo nilipoanza kuliheshimu gari langu upya. Safari ya kwenda Rochester lilitumia karibu kilowati-saa 25. Ioniq 6, ambayo imechongwa kama kokoto iliyolainishwa na mto, ilitumia 24. Hizo ni tofauti za senti kadhaa. BMW ilikaribia 30, na sababu yake inaonekana ukilitazama vizuri: i4 imejengwa juu ya mwili uleule unaobeba injini za petroli, ni zito kuliko langu kwa zaidi ya kilo 300, na abiria wa katikati kiti cha nyuma anatanua miguu juu ya tuta la sakafu. Waliochora Model 3 hawakuwa na injini ya kuiachia nafasi. Walifanya gari jepesi, la chini, linalokata upepo kwa kipimo cha 0.23 (namba ikiwa ndogo, upepo unalizuia kidogo). Miaka tisa tangu lioneshwe, uamuzi huo bado unanilipia kila wiki kwenye bili ya umeme.

Sasa niseme walikonishinda, maana walinishinda.

Ioniq 6 inatumia mfumo wa volti 800. Langu ni wa volti 400 hivi. Volti zikipanda, nguvu ileile inapita kwa mkondo mdogo, nyaya hazipati joto sana, na betri inaweza kumiminiwa umeme haraka zaidi. Nililipeleka kwenye chaja ya kilowati 350 likiwa na asilimia 10. Nikaingia dukani, nikanunua maji, nikaenda msalani, nikarudi. Dakika 19 na lilikuwa limefika 80. Langu, hata kwenye chaja za Tesla za kilowati 250, safari hiyohiyo kutoka 10 hadi 80 huchukua nusu saa na zaidi, kwa sababu nguvu inaanza kushuka mapema. Nilisimama pale nikajiambia, hiki ndicho kizazi kipya.

Lakini nilikuwa nalo hadi Jumapili jioni, kwa hiyo nikalipeleka pia kwenye kituo cha Tesla, ambako siku hizi Hyundai zinaruhusiwa kuchaji kwa adapta. Hapo mambo yakabadilika. Vituo hivyo vinatoa volti zinazolifaa gari kama langu, na Ioniq inalazimika kuzipandisha yenyewe, hivyo inapokea umeme polepole. Ilichukua karibu muda uleule wa gari langu. Sisi huenda Chicago mara tatu au nne kwa mwaka kumwona shemeji, na vituo vyetu tunavijua kwa majina: Eau Claire, Mauston, Madison. Watoto wanajua hata choo kipi ni kisafi. Faida ya Ioniq kwangu ingetegemea kuhama kutoka vituo ninavyoviamini na kwenda kutafuta chaja za kilowati 350 ambazo sijazizoea. Kwa mtu anayesafiri mbali kila wiki, sawa. Kwangu mimi zile dakika kumi na tano ni mara chache mno kwa mwaka.

Ushindi wao wa pili ulikuwa utulivu. Gari langu la miaka ile lina shokapu ngumu. Viungo vya zege vya barabara za huku unavihisi mgongoni. BMW inapita juu yake kama boti kwenye maji ya bandarini. Baada ya zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili, mwili unaijua tofauti hiyo hata kama akili inataka kubisha. Kama ningechagua kwa mgongo peke yake, ningeandika hundi ya BMW.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Likoni, nikamwomba akae nyuma katika yote matatu. Kwenye Ioniq alinyoosha miguu akasema, "Hapa mtu analala," kisha paa linaloteremka likamgusa mtandio. Kwenye langu magoti yalipanda juu kidogo, kwa sababu betri imelala chini ya sakafu na kiti kiko chini. Alipenda kioo cha juu, akakaa akitazama mawingu. "Mwanangu, hili nililizoea," akasema. Sikulihesabu kama kipimo, ila nililisikia.

Kuhusu dashibodi, nilidhani hapo ndipo uzee ungeonekana zaidi, ikawa kinyume. Skrini moja ya inchi 15 katikati, bila saa za mwendo mbele ya dereva, ilikuwa ajabu mwaka 2017. Leo wengi wamefuata. Na kuna jambo nililolipenda kwenye gari la zamani: lina vijiti vya usukani, cha indiketa na cha gia. Toleo la Model 3 lililofanyiwa mabadiliko, lililofika Amerika Kaskazini Januari 2024, lilikuja bila vijiti hivyo. Indiketa zikawa vitufe kwenye usukani. Nililijaribu pia. Lina viti vya kupuliza hewa na ni kimya zaidi, lakini kwenye mzunguko wa barabara kidole changu kilikuwa kinatafuta kitufe huku usukani umegeuka. Siyo kila kipya ni hatua ya mbele, na hili nalisema kwa moyo wote.

Iliyobaki ni baridi. Model 3 ilianza kupewa pampu ya joto, kifaa kinachovuta joto kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani, kwenye magari ya mwaka 2021. Langu linapasha kwa hita ya kawaida, kama pasi, na linakula umeme kwa hilo. Asubuhi ya nyuzi 24 chini ya sifuri, zile maili 283 zinakuwa 150 hivi, zikifika. Ila pampu ya joto nayo hukosa nguvu baridi inapozidi sana. Msaada wake mkubwa ni Novemba na Machi, na siku mbaya za Januari hata magari mapya yanatetemeka. Mimi nimejifunza kulipasha gari likiwa bado kwenye chaja ya nyumbani, nusu saa kabla ya kutoka, kisha njiani natumia joto la kiti na la usukani zaidi kuliko hewa. Nikifika Rochester nalichomeka kwenye maegesho ya kazini, linakaa hapo usiku kucha. Bila chaja hizo mbili, ningekuwa nimeshalibadilisha.

Tarehe 28 Septemba nilimpigia yule muuzaji nikamwambia hapana. Kabla ya hapo nililipeleka kwa fundi akaliinua na kukagua chini, nikabadilisha tairi zote nne na ile betri ndogo ya volti 12. Halafu tulikubaliana na Mama Salma: kiasi ambacho kingekuwa malipo ya mkopo kila mwezi kinaingia kwenye akaunti ya peke yake, hatukigusi. Betri ikianza kusumbua bila dhamana, fedha ipo. Isiposumbua, fedha ipo vilevile.

Maili 120,000 zilitimia wiki ya pili ya Januari, saa moja kasoro asubuhi, nikirudi kutoka kazini. Nje ilikuwa nyuzi 19 chini ya sifuri na nilikuwa na asilimia 46 ya chaji. Nitalijaza tena hadi 100 mwezi wa nne, theluji ikishaondoka, niisome ile namba.