Upinde Ulioungwa Mpinini

Mchana kutwa leo nimeshinda na vipande viwili vya mti wa yu, ule wa Ulaya unaotengenezewa pinde, na saa hii ninapoandika vimeshakamatana, vimefungwa, gundi inakauka. Nimeona niandike leo leo, maana jambo hili la kuunga upinde mpinini, yaani pale katikati unaposhikwa, limenikaa moyoni muda mrefu.

Wapo mafundi wanaoamini kwamba upinde wa kweli ni ule wa mti mmoja toka ncha hadi ncha, na kwamba ulioungwa ni wa mtu aliyekosa gogo zuri. Mti mzima nauheshimu. Hukumu hiyo siikubali. Upinde wenye mpini mnene haujikunji pale unaposhikwa. Kazi ya kujikunja ni ya mikono yake miwili, wa juu na wa chini. Nguvu zinapita katikati, tena nyingi, lakini unene wa pale huuzuia mti usinyumbuke. Kwa hiyo kama kuna mahali popote kwenye upinde panapoweza kubeba kiungo miaka na miaka, ni hapo mpinini.

Halafu kuna suala la miti yenyewe. Yu hukua kwa kujipinda na mafundo mengi, na mti wa Osage wa Marekani hali kadhalika. Kupata gogo lililonyooka, safi, la karibu mita 2, ni bahati. Lakini sentimita 90 safi utazipata kwenye gogo ambalo wengine wangelitia motoni. Vipande viwili vya sentimita 90, vikiingiliana sentimita 10, vinakupa upinde wa sentimita 170, na huo unamtosha mtu mzima wa kimo cha kawaida.

Ninachokipenda zaidi ni vipande pacha. Gogo fupi linapasuliwa, na unachukua vipande viwili vilivyokuwa vimelala ubavu kwa ubavu ndani ya mti mmoja. Miaka yao ni ileile, pete zao zina unene uleule, ukame uliokipunguza kimoja ulikipunguza na cha pili. Unavigeuza ili ncha zilizokuwa upande wa mizizi zikutane mpinini, na za juu ziwe ncha za upinde. Hapo mkono wa juu na wa chini huwa na tabia zinazokaribiana kuliko hata kwenye gogo moja refu, ambako nusu moja ilikuwa karibu na ardhi na nyingine juu kwenye matawi. Hili huwa nalisema kwa kila anayenisikiliza: kuunga kunaweza kukupa upinde wenye mizani nzuri zaidi.

Wala si mbinu ya juzi. Pinde za mbao, pembe na mishipa za Asia zilijengwa kwa vipande kadhaa vya mbao vilivyounganishwa kwa mkato wa V, na gundi yake ilichemshwa kutokana na mishipa, ngozi au vibofu vya samaki. Waingereza wa karne ya 19 waliokuwa wakilenga shabaha kwa michezo walitumia sana pinde za yu zilizoungwa mpinini. Kweli, pinde zilizotolewa kwenye Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ni za kipande kimoja. Ila zile ni pinde za vita zinazojikunja mwili mzima, hadi mkononi mwa mpigaji, na kiungo cha kawaida hakina mahali pa kujificha ndani yake.

Sasa kazi yenyewe. Ukikata vichwa vya vipande wima na kuvigusanisha, haviwezi kushika. Mirija ya mti imefunguka pale, inanyonya gundi na kuuacha uso mkavu. Gundi inataka ubavu wa nyuzi ukutane na ubavu wa nyuzi. Ndiyo maana mimi hukata Z. Ukiutazama upinde kutoka mgongoni, yaani upande unaoelekea shabaha, mistari mitatu imelala kwa kuinama kidogo tu, urefu wa sentimita 10, na kila kipande kinabaki na meno mawili, moja pembezoni na moja ndani. Kiolezo kimoja cha karatasi ngumu kinatosha vipande vyote viwili. Yanapoingiana ni kama vidole vya mikono miwili, na kadiri unavyoyasukuma ndivyo yanavyobana.

Msumeno lazima uende upande wa mbao itakayotupwa, mstari wenyewe ubaki. Baada ya hapo navisukuma vipande pamoja vikiwa vikavu, naviinua mbele ya taa. Popote mwanga unapopenya ndipo penye kazi. Sikimbilii tupa. Vikiwa vimekaa hivyo hivyo, vimebanwa kwenye jiriwa, napitisha msumeno mwembamba ndani ya ule mshono. Meno yake yanakwangua kuta zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo nyuso mbili zinaanza kufanana zenyewe. Navisukuma tena, napitisha tena. Leo mwanga ulibaki kwenye ncha ya jino moja tu, mwembamba kama uzi, kisha ukazimika. Wapo wanaochemsha ncha kwanza ili mti ulainike na ujibane wenyewe ukisukumwa; kwa mbao ngumu sana ni njia nzuri, mradi uuache ukauke kabisa kabla ya gundi.

Gundi nyingi za mbao zinataka kiungo kilichobana. Epoksi huvumilia mwanya mdogo, lakini sioni sababu ya kuiachia gundi kazi ya msumeno. Naipaka mara mbili: ya kwanza inaingia kwenye nyuzi, nasubiri kidogo, ya pili ndiyo inayounga. Osage ina mafuta, kwa hiyo huo nausafisha kwa asetoni kwanza. Kufunga natumia tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe mrefu, naivuta na kuizungusha mpini mzima. Inabana pande zote sawasawa, na haikamui gundi yote nje kama klampu iliyokazwa kwa pupa.

Kabla gundi haijashika kuna dakika chache ambazo sizungumzi na mtu. Uzi unavutwa toka ncha moja hadi nyingine na lazima upite katikati ya mpini. Ukipita kando, unasogeza mkono mmoja taratibu, unatazama tena. Hapa ndipo unapoamua pia pembe: ncha zote mbili zikielekea mbele kidogo, upinde unaanza maisha yake na nguvu ya akiba ambayo ungeitafuta kwa mvuke na moto kwenye mti mmoja.

Huu wa leo utakaa saa 24 bila kuguswa. Kisha nitabandika kipande cha mbao ngumu upande wa tumbo, ule unaomwelekea mpigaji, kifunike mshono wote, nipunguze unene kuanzia sentimita 5 nje ya mshiko kila upande, si ndani ya hapo. Jino la kiungo likifika kwenye sehemu inayojikunja, ncha yake hufunguka, na hakuna gundi itakayolizuia. Mwisho nitazungusha uzi wa kitani uliolowa gundi. Ngozi sitaweka. Mgongoni nitauacha mshono uonekane pale uzi unapoishia, kwa sababu kwangu ndiyo sehemu iliyofanywa vizuri kuliko zote kwenye upinde huu.