Mwenyekiti wa tatu, mizani ileile

Mjomba wangu wa Newala ana orodha mbili kichwani. Moja ni ya mikorosho yake, mti kwa mti. Ya pili ni ya watu waliomdhulumu, na hiyo ndiyo ndefu.

Nilikwenda Desemba. Basi la Mbagala lilinishusha usiku, na asubuhi kabla sijamaliza mhogo na chai akaanza kunisomea ile ya pili. Yumo afisa tarafa aliyewahamisha enzi za vijiji vya ujamaa, wakaiacha mikorosho kule msituni. Wamo mawaziri. Magufuli yumo na hayumo, inategemea siku. Na wamo wenyeviti wawili wa chama cha msingi cha ushirika hapo kijijini, mmoja akiwa na nyumba ya bati la rangi ambayo mjomba huioneshea kidole kila tukipita.

Mimi nafundisha hesabu za biashara sekondari, na somo hili lina ugonjwa wake: naanza kuuliza pesa ilipita wapi kabla ya kuuliza nani aliishika. Ndiyo maana hatuelewani.

Chukua huyo afisa tarafa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani kama 145,000 za korosho. 1986/87 zilibaki kama 16,500. Afisa tarafa mmoja haangushi zao la kusini nzima, hata awe katili vipi. Watu walisogezwa mbali na miti yao, bei aliyolipwa mkulima haikumpa sababu ya kupalilia, halafu ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaingia ukakuta mashamba yamekuwa pori. Na katika miaka hiyohiyo serikali ilikuwa inajenga viwanda vya kubangua kwa mikopo ya nje! Korosho za kuvilisha hazikuwepo. Vingi viliishia kuwa maghala, na mpaka leo korosho nyingi zinapanda meli na maganda yake kwenda India na Vietnam.

2018 ndiyo tulibishana mpaka shangazi akatunyang'anya vikombe. Msimu wa nyuma yake bei ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka huo wanunuzi wakaja na bei ambazo wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa mnadani. Novemba Magufuli akawafukuza mawaziri wawili, wa kilimo na wa viwanda na biashara, akavunja bodi ya korosho, akatangaza 3,300 na kuleta jeshi lisombe mzigo. Mjomba alicheza ngoma, nakumbuka alinipigia simu na nyuma yake nasikia vigelegele. Halafu ukaja uhakiki: mwenye mzigo mkubwa aoneshe shamba, asije akawa mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa mkulima mwenye shida kabla ya msimu, kwa bakuli, kwa bei ya kutupa. Malipo yakasogea mpaka mwaka uliofuata. Simu zake za Februari hazikuwa na vigelegele.

Basi mjomba ana Magufuli wawili, wa Novemba na wa Februari. Nikamwambia: mawaziri wamekwenda, bodi imekwenda, lakini mnunuzi wa korosho ghafi bado ni yuleyule. Ukishakuwa huna kiwanda, mtu wa kukupangia bei yuko Vietnam na humjui jina. Na mwaka huohuo, miezi michache kabla, sheria ya fedha ilikuwa imeuondoa ushuru wa korosho zinazouzwa nje kwenye mfuko wa kuendeleza zao, uliokuwa unapata asilimia 65 yake na kusaidia pembejeo kama salfa, dawa ya ubwiri unga. Ushuru ukaenda wote Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele sana. Salfa ikiadimika, sisi huku tunamtukana bwana shamba.

Mjomba alinisikiliza akibangua korosho moja aliyoichoma, taratibu, maana yale mafuta ya ganda yanachubua vidole. Kisha akasema: "Mwanangu, mfumo haukujenga ile nyumba ya bati la rangi."

Sikuwa na jibu. Bado sina la kutosha. Wapo watu mjini hutumia neno "mfumo" kama shuka, kila mwizi anafunikwa humo. Yule mwenyekiti aliiba, na ningependa kumwona mahakamani.

Ila kuna mwenyekiti wa tatu.

Huyu hayumo kwenye orodha, maana mjomba mwenyewe ndiye aliyempigia kampeni. Ni mtu wa msikitini, baiskeli yake ile ile tangu nasoma. Msimu wake wa kwanza wakulima walikatwa tena malipo, na nilipomfuata akanifungulia daftari bila hata kuniuliza nataka nini. Nikaona tatizo kwenye safu moja tu: unyaufu.

Iko hivi. Korosho zinapimwa kijijini, mkulima anaandikiwa kilo zake. Gunia linakaa, lori linachelewa, linafika ghala kuu siku nyingine, linapimwa tena. Korosho imekauka, uzito umepungua. Mnunuzi analipa kilo za ghalani. Sasa kilo zilizopotea njiani ni za nani? Upo upungufu unaoruhusiwa, lakini lori likikwama wiki mbili haliulizi kinachoruhusiwa. Chama hakina mtaji wa kufidia, kwa hiyo tofauti inashuka mpaka kwa wa mwisho kwenye foleni ya malipo.

Mwenyekiti wa bati la rangi alikuwa anaingiza mkono kwenye safu hiyohiyo. Ukiiba gunia tano ukaandika unyaufu, nani atakubishia? Huyu wa baiskeli hakuiba kitu, na safu ileile ikamfanya aonekane mwizi. Alinionesha stakabadhi alizoziweka kwenye mfuko wa nailoni, moja baada ya nyingine, mikono inamtetemeka kidogo. Akaniambia hagombei tena.

Nilimweleza mjomba jioni. Alinyamaza muda mrefu, jambo la nadra kwake. Akauliza kama nina uhakika na hesabu. Nikasema ninao.

Mkutano mkuu wa chama ulikuwa Alhamisi, chini ya mwembe wa shule. Mimi si mwanachama, nikaomba ruhusa ya kusema. Nilitaka mambo mawili: mwakilishi wa wakulima apande lori na kusoma mizani ya ghalani siku ileile, na kilo za kule zibandikwe ukutani pembeni ya kilo za hapa. Katibu akaandika, akasema hoja nzuri sana ya mwalimu, itaingia kwenye mengineyo.

Ajenda ya kwanza ilikuwa uchaguzi. Wagombea wanne. Kila mmoja alieleza jinsi alivyo mwaminifu, mmoja akataja na watoto wake kwa majina. Mjomba alisimama mara mbili kuuliza maswali makali, na watu wakampigia makofi. Saa tisa wingu likatanda upande wa Ruvuma, mvua ikaanza kwa matone makubwa, na wote tukakimbilia darasani, kura zikiwa ndani ya ndoo iliyofunikwa kanga.

Kwenye mengineyo hatukufika.